Baiskeli ya Marehemu Jilala

Urambo,
17 Februari 1957

Shangazi yangu mpendwa, Bi Apolinaria,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo nyingi kutoka huku kwenye moshi. Mimi ni mzima. Kikohozi kilichonipanda siku niliyoteremka kwenye treni kimeniacha, na asali uliyonifungia imefika bila kumwagika. Nimesikia Tekla amejifungua mtoto wa kike. Mpe hongera zangu, na mwambie nitamletea mjukuu wako zawadi nikipata nafasi ya kuja.

Sasa habari za kazi. Bwana Pritchard, mwenye shamba, amenipa nyumba ya matofali na cheo cha mwangalizi wa wafanyakazi. Watu wote wa kambi wako chini yangu: wachumaji, wachambuaji wa majani, na wale wanaochochea moto kwenye mabani, yale majumba marefu ya kukaushia tumbaku. Mwisho wa mwaka, akiridhika nami, atanifanya meneja msaidizi. Hakuna Mwafrika aliyewahi kukikalia kiti hicho katika mashamba ya huku, na Bwana Pritchard mwenyewe amenieleza kwamba wazungu wenzake wanamcheka kwa kunijaribu.

Wacheke tu. Sikukaa Basutoland miaka yote ile, katika chuo kikuu cha mapadre, ili kujifunza kufunga tai. Padre Lemire, mwalimu wetu wa falsafa ya maadili, alikuwa akisema kwamba anayetaka kujua kama tumeelimika asisome vyeti vyetu, awaulize watu tutakaowasimamia. Nami nimeanza hivyo. Nyapara mmoja alileta mbuzi ili ndugu yake aandikwe kazi, nikamrudisha na mbuzi wake. Wakaja wengine na kuku, nikakataa. Juma lililopita nimekataa hata mayai. Wamekwisha kunipa jina, Bwana Sitaki, na mimi nalipenda.

Mwanao,
Dionis


Ng'ambo, Tabora,
10 Machi 1957

Dionis mwanangu,

Milele amina, na marahaba. Huku hatujambo. Mtoto wa Tekla ananyonya kama amekatazwa kesho, na mvua imebomoa ukuta wa choo cha jirani yangu Eustadia, basi sasa anatumia changu na kunishukuru kwa kunipa habari za watu wote wa Ng'ambo.

Barua yako nimeisoma kwa sauti mara nyingi hata Eustadia ameanza kuvuka barabara akiniona. Baada ya misa sina maneno mengine ila "Dionis wangu". Najivuna, na sioni haya. Mama yako alikuacha hujajua kufunga kaptura, nami niliuza asali kwa madebe ili usome, kwa hiyo nina haki ya kuchosha watu.

Lakini hayo mayai yamenikaa. Mbuzi umefanya vyema. Mayai je, aliyaleta nani? Ulimuuliza yanatafuta nini? Inawezekana mama wa watu alikuona umekonda akakuhurumia. Uliondoka hapa mdogo kwenda bweni la misheni, ukalelewa na mapadre, ukasoma na mapadre, ukavuka mipaka kwa mapadre. Kilatini unakijua. Hao watu wa kambi unazungumza nao, au unawahutubia? Sikugombezi, nauliza tu.

Ni mimi shangazi yako anayekuombea,
Apolinaria


Urambo,
31 Machi 1957

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea shikamoo zangu, na umpe pole Eustadia kwa ukuta wake. Nakula vizuri na wala sijakonda.

Huku tumepata msiba. Jilala, nyapara wa mabani, Mnyamwezi mwenzetu wa upande wa Usoke, ameshikwa na homa na baada ya siku chache tu amefariki. Alikuwa mtu mwema, akizunguka kambi nzima kwa baiskeli akijua kila moto unavyowaka. Nilisoma sala kaburini kwa sababu padre hakuweza kufika.

Siku ile ile ya maziko, huwezi kuamini, palitokea wizi. Na aliyeiba hakutosheka. Alikuja mlangoni kwangu kudai apewe kitu ndipo mali irudi, huku akinichekea machoni. Rushwa tulifundishwa kuichukia kama nyoka, na mtu anaileta siku ya msiba! Niliandika taarifa palepale, na Bwana Pritchard akaita polisi. Baadaye alinishika mkono mbele ya wazungu wawili wa mashamba ya jirani, akasema, "Huyu ndiye niliyekuwa nikiwaambieni." Shangazi, nilitamani Padre Lemire angekuwapo.

Mwanao,
Dionis


Ng'ambo, Tabora,
Jumatatu ya Pasaka, 22 Aprili 1957

Dionis mwanangu,

Kristo amefufuka, aleluya. Natumai ulipata pilau ya Pasaka na si ugali wa kambini. Sisi tulikula wali na nyama ya mbuzi, na sahani moja tuliifunika mpaka jua lilipozama kwa ajili ya mgeni wangu, maana yeye yumo katika mfungo wa Ramadhani.

Mgeni huyo nataka nikueleze habari zake. Anaitwa Tufaha, ni mke wa Mzaramo mmoja wa Kisarawe aitwaye Kondo. Alikuja Ng'ambo akitafuta pa kulala, watu wakamleta kwangu kwa kuwa kile chumba cha nyuma ki wazi. Mumewe yumo mahabusu hapa Tabora, naye kila jioni anampelekea futari, anasimama nje ya gereza mpaka askari wapokee bakuli. Nilipomuuliza kosa la mume, alinijibu: "Bibi, alichukua baiskeli ya marehemu msibani. Alikwenda kwa mkubwa wa Kinyamwezi akataka jogoo, wacheke, mambo yaishe. Badala ya jogoo wakaletwa askari."

Nilicheka kwanza, nikidhani ananitania. Kisha nilimwona machozi.

Dionis, Mzaramo ni mtani wetu! Mnyamwezi akifa, yeye ndiye mwenye ruhusa ya kuvaa kofia ya marehemu, kuigiza mwendo wake, kunyakua kitu cha thamani na kukificha mpaka wafiwa wakikomboe. Wenye msiba wanatoa kuku, wanatukanwa, wanacheka, na kilio kinapungua. Hata mtoto wa Tekla angelijua hili kama angejua kusema. Ni mpumbavu gani aliyempeleka mtani polisi?

Tufaha anasema kambi yao iko Urambo. Kambi ziko nyingi huko, najua. Nawe uliniandikia habari za mwizi na msiba. Niambie, mwanangu, kwamba yule ni mwizi mwingine.

Shangazi yako,
Apolinaria


Urambo,
19 Mei 1957

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, kazi zimekuwa nyingi. Msimu wa kukausha unamalizika na majani ya mwaka huu yametoka na rangi nzuri ya dhahabu. Tumeanza kuyafunga marobota, na Bwana Pritchard anatazamia mnada mzuri. Mvua zimekatika mapema kidogo. Upande wa mashariki wa kambi tumechimba kisima kipya na maji yake si ya chumvi. Nimeanzisha pia darasa la kusoma kwa watu wazima, linakutana Jumatano, na Wamoraviani wamekuja wengi kuliko Wakatoliki, jambo ambalo limenitia haya kidogo.

Nimefurahi kusikia mmekula Pasaka vizuri. Mgeni wako mpe pole.

Nisalimie wote.

Dionis


Ng'ambo, Tabora,
26 Mei 1957

Dionis,

Umeniandikia kurasa nzima za tumbaku na kisima.

Basi ni wewe.

Sikumwambia Tufaha. Anakula mezani kwangu, chini ya picha yako uliyopigwa na joho la chuo, na jana ameipangusa vumbi. Nilitoka nje nikajifanya naita kuku.

Babu yako Ngollo alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo, na safari moja nduguye alianguka njiani katika nchi ya Wazaramo akafa. Msafara hausubiri maiti. Waliomwosha na kumzika ni watani, watu wasiojua hata jina la mama yake. Babu yako aliporudi kupita, wakamtukana siku nzima na kumnyang'anya kitambaa, naye akalia kwa shukrani. Hayo sikukusimulia kwa sababu nilidhani kila Mnyamwezi anazaliwa nayo. Kumbe hapo nilikosea.

Chuo chako sikilaumu. Kilikufundisha kuchukia wizi, na ni vizuri. Ninachotaka kujua ni hiki: kilikufundisha nini cha kufanya ukiwa wewe ndiye uliyekosea? Kesi ni tarehe kumi na nane Juni. Usije kwangu kabla ya hapo.

Apolinaria


Urambo,
4 Juni 1957

Shangazi,

Shikamoo. Safari hii salamu zangu ni fupi, nawe unajua sababu.

Ndiyo, ni mimi. Ile baiskeli alikuwa akiipanda marehemu lakini ni mali ya shamba, na nilimwona Kondo kwa macho yangu akiondoka nayo huku amevaa kofia ya Jilala na kupiga kelele za matusi. Maziko yote niliyoyahudhuria maishani yalikuwa ya misheni, ambako utani haukuruhusiwa. Neno nililijua. Nilidhani maana yake ni mizaha ya barazani tu. Alipokuja mlangoni akaninyooshea mkono na kusema, "Haya, bwana mkubwa, jogoo au baiskeli hutaiona," mimi nilisikia rushwa. Yeye alikuja kwangu kwa kuwa ndimi Mnyamwezi mkubwa pale kambini. Alinipa heshima, nami nikampa pingu.

Barua yako ya Pasaka ilipofika niliwaendea wazee wa kambi nikawauliza. Mmoja wao akasema, "Tulidhani unajua, Bwana Sitaki. Tulidhani umeamua kwamba desturi zetu ni uhalifu." Hilo limeniuma kuliko maneno yako yote, na maneno yako hayakuwa laini.

Unauliza chuo kilinifundisha nini. Sikiliza. Padre Lemire alitufundisha kwamba tendo halihukumiwi kwa kulitazama tu. Sharti uijue nia ya mtendaji na mazingira yake. Nilifanya mtihani juu ya hilo, na katika darasa letu hakuna aliyenishinda. Kisha nikaja kazini nikamfunga mtu bila kumuuliza swali hata moja. Lakini alitufundisha pia kwamba haki ya mtu mwingine hairejeshwi kwa kutubu chumbani. Nimekwisha kutubu chumbani. Sasa nitakwenda mahakamani.

Kabla barua yako ya pili haijanifikia nilikuwa nimekwisha kumwambia Bwana Pritchard. Nilimwomba afute mashtaka. Amekataa, anasema polisi watamwona hajui anachofanya. Ameniagiza nijibu nitakayoulizwa tu na nisiongeze neno. Ameongeza kwamba nikiuharibu ushahidi, kiti cha meneja msaidizi nisikitazame tena. Nakitaka kiti hicho, Shangazi. Nakitaka sana, kwa ajili yangu na kwa ajili ya watakaonifuata. Lakini nitaongeza neno.

Dionis


Ng'ambo, Tabora,
23 Juni 1957

Dionis mwanangu,

Milele amina. Umepanda treni ya jioni ile ile kama mtu anayefukuzwa, hata chai hukunywa kwangu. Basi nitakuandikia yale niliyotaka kukwambia jikoni.

Mahakamani tulikaa nyuma, mimi na Tufaha na Eustadia, ambaye alikuja kwa kuwa hakosi jambo. Nilikwisha kumwambia Tufaha usiku uliotangulia kwamba yule wa kwenye picha ndiye aliyemshitaki mumewe. Hakulia. Alikwenda akaigeuza picha ukutani, akarudi kumenya viazi. Sikuigusa.

Ulipomaliza kusimulia uliyoyaona, yule afisa wa polisi aliyekuwa akikuuliza maswali alikuwa amekwisha kukaa. Nawe ukasimama palepale ukasema, "Bwana Hakimu, niliyoyasema niliyaona kweli, lakini sikuyaelewa. Mtu huyu hakuiba, na hakuomba rushwa. Alitimiza wajibu wake msibani na mimi sikutimiza wangu. Wako nje wazee wawili wa kambi, nimewaleta, waulizwe." Hakimu alivua miwani. Akasema, "Unataka kuniambia kwamba mtu mwenye shahada ya chuo kikuu hajui desturi za kabila lake mwenyewe?" Nawe ukajibu, "Ndiyo, Bwana Hakimu. Ndivyo ilivyo."

Mahakama nzima ilicheka. Hata karani alicheka. Nilitamani ardhi inimeze, na wakati huo huo nilitaka kupanda juu ya benchi niwapigie kelele kwamba huyo anayechekwa ni wangu mimi, na wao wamtafute mwingine atakayekubali kuchekwa hivyo. Bwana Pritchard wako alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Wazee waliposikilizwa na Kondo akaachiwa, nililia na sikujificha.

Sasa sikiliza jambo usilolijua bado. Pale nje, Kondo alikuja mbele yako, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo, Bwana Mwangalizi." Nawe ukaitikia marahaba, ukampa mkono, uso wako umetulia. Ulidhani mambo yamekwisha.

Mtu yule amekuzidi umri, Dionis! Na ni mtani wako. Mtani akikupa shikamoo na ubwana, akakuinamia, maana yake amekufunga nje ya mlango. Angekutukana wewe na ukoo wako wote hapo barabarani, ningerudi nyumbani nikiimba. Sheria imemtoa gerezani, lakini wewe hajakusamehe, na wala si jambo la kuombwa. Litakuja lenyewe au halitakuja.

Chumba cha nyuma ki wazi tena. Picha nimeigeuza mwenyewe, inatazama mbele. Acha kazi hiyo uje nyumbani, upumzike, tutapata nyingine isiyo na Bwana Pritchard.

Shangazi yako anayejivuna hata sasa,
Apolinaria


Urambo,
8 Septemba 1957

Shangazi mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo. Asante kwa karanga, na mwambie Tekla kitambaa cha mtoto nimekipata kwa Mwarabu mmoja dukani hapa, nitakituma na mtu wa treni.

Siji nyumbani, nisamehe. Kiti cha meneja msaidizi kitakaliwa na kijana wa Kizungu kutoka Rhodesia, amekwisha kufika. Bwana Pritchard hakunifukuza, ingawa kwa muda mrefu alikuwa akinisemesha kama mtu anayezungumza na mlango. Nilikwenda kwake nikamwomba mambo mawili. La kwanza, Kondo arudishwe kazini kwake. La pili, mfanyakazi yeyote asipelekwe polisi kabla wazee wa kambi hawajamsikiliza mbele yangu. Aliniuliza kama hayo ndiyo niliyosomea. Nikamjibu ndiyo, hayo hasa. Amekubali yote mawili, kwa kununa. Nadhani anapenda kuona kambi imetulia.

Ningeondoka ningemwachia nani jambo hili? Kosa nimelifanyia hapa, na hapa ndipo ninapojua sasa pa kuuliza. Naendelea kukataa mbuzi. Mayai nayapokea, nikishamjua mwenye kuyaleta.

Kondo amerudi na mkewe. Kila asubuhi ananipa shikamoo, na kila asubuhi inanichoma. Tufaha ananipita kimya.

Mwanao,
Dionis


Urambo,
27 Oktoba 1957

Shangazi, Shangazi,

Tumsifu Yesu Kristo, shikamoo, wote wazima, mengine baadaye!

Leo baada ya sala ya Jumapili niliwakusanya watu wa kambi kuwaeleza habari za ukarabati wa mabani kabla ya mvua. Nilisimama juu ya kreti. Nadhani nilikuwa nimeanza kuwahutubia, kama ulivyowahi kunionya, maana nilisikia wengine wakipiga miayo. Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, kwa nguvu, kila mtu akaisikia:

"Jamani, msimsikilize Mnyamwezi huyo! Babu zake walibeba pembe kichwani mpaka pwani wakarudi na akili zao. Huyu wamembebesha vitabu, kavibeba mpaka mwisho wa dunia, na akili kaisahau huko huko!"

Watu walimtazama Kondo, wakanitazama mimi. Kijana wa Rhodesia, ambaye alikuwa akipita na mbwa wake, alisimama akaniuliza kwa Kiingereza kama amwandikie mtu huyo onyo.

Nilimwambia asithubutu. Kisha nilianza kucheka, nikashuka kwenye kreti, na nilipofuta macho nilimwona Kondo amekunja mikono kifuani, hacheki hata kidogo, ananingoja. Tufaha pembeni yake amefunika mdomo kwa kanga. Watu wote walikuwa wananingoja mimi, nami sikuwa na neno hata moja la kumrudishia. Nimesoma Kilatini, nimesoma mantiki, na nilibaki nimeachama mbele yao.

Kwa hiyo nakuomba, Shangazi, tafadhali, kwa posta ya kwanza: Mzaramo hutukanwaje? Niandikie yote unayoyajua, na usinionee haya. Nataka kumjibu kabla ya Jumapili.

Mwanao,
Dionis